Neno moja lililomnyima Lorelle Kombe na yai

Saa kumi na moja na robo alfajiri, kangaruu watatu wamesimama katikati ya uwanja wa mbio wa Wirrabilla wakila nyasi, na Lorelle Tresize anawafokea kutoka mgongoni mwa farasi kama mama aliyekuta mbuzi wa jirani kwenye mchicha wake.

Kangaruu wanamtazama tu. Hawasogei hata hatua. Mwisho yeye ndiye anayevuta hatamu na kuwazunguka kwa upande wa nje.

"Nyie mna raha," anawaambia akiwapita. "Mnakata njia za watu kila siku na hakuna anayewafungia."

Ni Agosti, baridi inauma masikio, na farasi anapumua mvuke kama birika. Jina lake ni Usimwambie Mama. Ana miaka sita, rangi yake kahawia iliyokolea, na leo saa tisa na dakika arobaini alasiri atakimbia Kombe la Wirrabilla akiwa ndiye anayepewa nafasi kubwa kuliko wote.

Lorelle amempanda karibu kila asubuhi kwa miaka minne. Anajua ni sikio lipi hulilaza akikasirika, na ni upande upi wa uwanja asioupenda. Lakini alasiri ya leo mgongoni mwake atakaa mtu mwingine, kwa sababu Lorelle anatumikia siku ya kumi, ambayo ndiyo ya mwisho, ya kufungiwa kwa uzembe. Mazoezi anaruhusiwa, mashindano haruhusiwi. Kesho atakuwa huru.

"Kesho," anasema, kisha anacheka hadi anakohoa. "Kesho hapa kuna ibada na kuokota chupa."

Lorelle ana umri wa miaka hamsini na miwili, na kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa mpanda farasi wa mashindano katika viwanja vya vumbi vya huku bara. Uzito wake ni kilo hamsini na mbili, na anaulinda kwa chai ya rangi na kipande kimoja cha mkate mkavu. Amevunjika mtulinga mara tatu. Mbavu ameacha kuzihesabu. Goti lake la kushoto hujua mvua inakuja kabla ya redio kutangaza.

Kila anapopanda kwenye mbio hulipwa kama dola mia mbili na hamsini, ashinde asishinde, na akishinda huongezewa asilimia tano ya zawadi. Mazoezi ya asubuhi ni dola ishirini kwa farasi mmoja. Hakuna anayejenga ghorofa kwa kazi hii, anasema, na waliojaribu wameishia kwenye msingi.

Daktari amemwambia goti lina msimu mmoja zaidi, labda miwili likibembelezwa.

Kombe la Wirrabilla amelikimbilia mara ishirini na tatu. Hajawahi kulishinda. Mara tatu ameshika nafasi ya pili. Mtu wa kwingine angesema basi, ni riziki tu, lakini Lorelle alizaliwa hapa. Paa la nyumba ya wazazi wake linaonekana ukiwa kwenye kona ya mwisho ya uwanja.

"Nimeshinda makombe ya miji ambayo hata kuandika majina yake siwezi. La kwetu hapana," anasema. "Mwaka huu nilikuwa na farasi. Farasi hasa, si wa kusindikiza wenzake."

Farasi huyo analelewa na kufundishwa na dada yake mkubwa, Coral, katika mabanda manane nyuma ya nyumba. Mji mzima ulikuwa umeshaamua kwamba mwaka huu ni wa dada hao wawili.

Kisha ikaja Jumatano ya Mayai.

Siku kumi kabla ya Kombe, Wirrabilla huwa na mbio ndogo za Jumatano. Mpanda farasi anayemkatia mwenzake njia bila kuacha nafasi ya kutosha hushtakiwa kwa uzembe, na kosa hilo kwa kawaida halishuki chini ya siku kumi za kufungiwa. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaipiga. Ukikosea Jumatano ile, Kombe utalitazama ukiwa nje ya uzio, umeshika glasi.

Ndiyo maana siku hiyo watu wagumu, ambao wiki nyingine wangepigania upenyo hadi kwa viwiko, huwa na adabu za ukweni. Wanapishana. Wanaachiana njia. Mashabiki huzomea. Wanasimulia, kwa chumvi nadhani, kwamba mwaka mmoja farasi aliyekuwa wa mwisho alishinda kwa sababu wengine wote walikuwa bado wanakaribishana kwenye kona.

Mayai yenyewe ni ya Tania Boyce. Tania ni karani wa mizani, anayewapima wapanda farasi uzito kabla na baada ya kila mbio, na nyumbani anafuga kuku. Jumatano hiyo huja na trei, yai moja kwa kila mpanda farasi. Aliyemaliza siku bila kukutwa na hatia anachukua lake. Aliyekutwa na hatia, la kwake linabaki kwenye trei. Utawaona wanaume wazima, waliokwisha kushinda maelfu ya dola, wakitoka chumba cha kubadilishia nguo wamebeba yai kwa mikono miwili, uso umenyooka kama wa bwana harusi.

Wageni hudhani ni mzaha. Tania, ambaye hutembea kwa mkongojo, hajawahi kusema ni mzaha.

Jumatano ya mwaka huu, katika mbio ya tano, Lorelle alikuwa juu ya farasi jike aitwaye Vumbi Tupu. Walipoingia kona ya mwisho alikuwa upande wa nje, akaona upenyo mbele yake unafunga, akaingia ndani kutafuta mwingine. Nyuma yake, upande huohuo wa ndani, alikuwapo Garth Quilty.

Garth ana umri wa miaka arobaini na sita. Amepanda pamoja na Lorelle kwa miaka ishirini, na wamegombana kwa miaka hiyohiyo ishirini. Farasi wake aligusa kisigino cha Vumbi Tupu, akajikwaa, na Garth akarushwa hadi shingoni. Alining'inia pale hatua nane hivi, mguu mmoja nje ya rikabu, kabla ya kujivuta na kurudi kwenye tandiko. Farasi wote walimaliza. Hakuna aliyeumia.

Msimamizi mkuu wa mbio, Ian Haddrick, aliwaita wote wawili kwenye chumba cha mabati nyuma ya mizani. Mwandishi wa makala haya alikuwemo, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango.

Picha za video zilirudiwa mara sita. Uwanja wetu una kamera moja, na saa hiyo mwezi wa Agosti jua hukaa juu ya kona ileile. Kilichoonekana ni mwanga, vumbi, kisha Garth amekumbatia shingo ya farasi. Nani aliingia wapi, kamera haikusema. Yalibaki maneno ya watu.

Na maneno ya wapanda farasi yanajulikana. Humshtaki mwenzako. Hata kama amekuponda, ukiulizwa unasema njia ilibana tu, kwa sababu leo ni wewe, kesho ni yeye. Wanafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kufunga tandiko.

"Njia ilibana tu, bwana," alisema Garth.

"Ilibanwa na nani?"

Hapo Garth angenyamaza, mambo yangeisha. Lakini alifikiri.

"Ndege, bwana."

"Ndege gani?"

"Kasuku. Wale weupe. Aliruka kwenye uzio, farasi akashtuka."

Haddrick aliandika, akauliza kama kasuku alikuwa mmoja. Garth akasema walikuwa wawili. Alipoona msimamizi anaandika bila kubisha, akapata moyo, akasema kwa kweli lilikuwa kundi. Sasa kasuku weupe wakiwa kundi wana kelele za kuamsha maiti, na uwanja mzima hakuna aliyesikia hata mlio mmoja. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Garth ilikuwa imeshafika ukutani.

Lorelle alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. Hakutakiwa kufanya lolote. Angekaa kimya dakika mbili tu, angetoka na yai lake, na Jumamosi ya wiki inayofuata angepanda farasi bora aliyewahi kumpanda, kwenye uwanja wa kwao, mbele ya paa la wazazi wake.

"Garth, acha," alisema. "Hakukuwa na ndege."

Kisha akamgeukia msimamizi. "Sikuangalia, bwana. Niliingia ndani bila kugeuza shingo. Kosa ni langu."

Garth alimtazama kama mtu aliyeibiwa. "Relle, we vipi? Nilikuwa karibu namaliza."

"Ungeendelea kidogo ungemleta na mbuni."

Haddrick alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema farasi alikaribia kuanguka, kwa hiyo adhabu inaanzia siku kumi na nne. Kwa kuwa mshtakiwa amekiri mwenyewe, tena pasipo kubanwa, anapunguziwa hadi kumi. Ndani ya chumba kila mtu alikuwa anahesabu vidole kimoyomoyo. Garth, ambaye ndiye aliyeponea chupuchupu, alinyoosha mkono.

"Tisa, bwana? Mimi ndiye niliyekosewa, na mimi naona tisa zinatosha."

"Quilty," alisema Haddrick bila kuinua macho, "nenda kamtafute ndege wako."

Zikabaki kumi.

Nje ya chumba, nilimwona Lorelle akivua glavu kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu asiyetaka zoezi hilo liishe. Sikumwuliza kitu siku ile. Nilimwuliza leo asubuhi, baada ya kangaruu, wakati akimpiga brashi Usimwambie Mama bandani kwa Coral.

Akasimulia. Miaka kumi na sita iliyopita, kwenye kona hiyohiyo, mpanda farasi mmoja ambaye sasa ameshastaafu alimkatia njia. Akaanguka. Alilazwa wiki kumi na moja. Msimamizi wa wakati ule alimfuata hadi hospitali na daftari lake, akamwuliza kilichotokea, na Lorelle akajibu kama alivyofundishwa: njia ilibana tu. Yule bwana akaachiwa huru.

Wiki tatu baadaye, kwenye uwanja mwingine, bwana yuleyule aliingia ndani vilevile bila kuangalia. Aliyeanguka mara hiyo alikuwa Tania Boyce. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na wote waliomwona akipanda wanasema hakukuwa na mpanda farasi aliyemfikia. Hajapanda tena hadi leo. Mwaka uliofuata ndipo alipokuja na trei ya kwanza ya mayai.

"Nilimlinda yule mtu," anasema Lorelle. "Nikajiona muungwana. Tania hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Angenitukana ningepumua."

Watu wa hapa humfariji aliyeanguka kwa kumwambia kwamba ajali haina kinga. Lorelle hataki kuusikia msemo huo.

"Ajali ina kinga. Inaitwa shingo. Unaigeuza, unaangalia, ndipo unaingia. Mimi Jumatano ile sikuigeuza. Unajua kwa nini? Nilikuwa nalifikiria Kombe."

Anacheka tena, safari hii bila kukohoa.

Coral hakucheka. Kwa siku mbili hakumsemesha mdogo wake. Walikuwa wakipeana taarifa za farasi kwa kuandika ubaoni. Siku ya tatu aliandika swali: nani atapanda? Lorelle akaandika jina la Garth, ambaye mwaka huu hakuwa na farasi wa Kombe. Hapo Coral ikabidi afungue mdomo.

"Yule wa ndege?"

"Huyohuyo. Kamkalia mara nne mazoezini, na wanaelewana."

Alasiri, uwanja umejaa. Kuna watu waliosafiri saa sita na mablanketi yao, kofia zenye manyoya, na foleni ya pai za nyama inayofika hadi kwenye maegesho. Lorelle amesimama kwenye uzio karibu na kona ya mwisho, kwa kuwa, anasema, hapo ndipo macho yake yamezoea.

Lango linafunguka. Usimwambie Mama anatulia wa nne, kisha wa tatu, akiwa ndani, anavuta pumzi. Wanaingia kona. Mbele yake unatokea upenyo, mwembamba, wa farasi mmoja na matumaini.

"Pita," anasema Lorelle kwa sauti ndogo. "Pita, pita, pita."

Garth anageuza shingo. Anaangalia. Kuna farasi begani kwake. Anasubiri hatua moja, anasubiri ya pili, anamtoa farasi nje kuzunguka, ndipo anamwachia. Usimwambie Mama anakuja kama amechelewa shule. Anawapita wawili. Kwenye mstari anashindwa kwa pua.

Wa pili.

Garth anarudi uso mwekundu kwa vumbi, na kabla hajashuka anasema, "Niliangalia, Relle."

"Nimekuona. Umeangalia mpaka umepiga na picha."

Haddrick anashuka ngazi za mnara wake, darubini shingoni. Lorelle anamwambia kwamba angekuwa yeye, angepita pale kwenye upenyo.

"Ndiyo maana hukuwa wewe," anajibu Haddrick, na kwenda kutafuta chai.

Kwa waliomzunguka, Lorelle anatania kwamba hata asipokuwepo huwa anashika wa pili. Wanacheka naye. Baadaye, tukiwa wawili, hafichi: aliingia chooni, akalia dakika tano, akanawa, akatoka. "Iliniuma, nisikudanganye. Bado inauma. Lakini Garth kashuka kwa miguu yake mwenyewe, na yule wa begani kwake pia. Nimewahesabu wote kumi na wanne wakirudi."

Saa kumi na moja jioni, kamati ya mbio inawaalika watu kwenye chai na sandwichi za akina mama, na mwenyekiti anasimama na pendekezo. Kwa kuwa mji umesikitika, anasema, mwakani Kombe lisogezwe hadi Jumapili, siku ya kumi na moja, ili binti wa Wirrabilla asilikose tena kwa sababu ya siku moja. Watu wanapiga makofi. Wengine wanapiga meza.

Lorelle anaweka kikombe chini, anasimama.

"Nashukuru, na wote mnajua napenda kupendwa," anasema. "Ila mkilisogeza, ile Jumatano itakuwa Jumatano ya kawaida tu. Mtu atakata njia, atatumikia siku kumi zake, na Jumapili atapanda Kombe. Nani atageuza shingo? Liacheni lilipo."

Anakaa. Kisha kutoka nyuma, karibu na birika, unasikika mkongojo wa Tania Boyce ukigonga sakafu mara mbili.

Kombe limebaki Jumamosi.

Baada ya chai Lorelle anapita chumba cha mizani kuchukua tandiko lake. Trei ya ile Jumatano bado iko juu ya meza ya Tania, na ndani yake limebaki yai moja. Lorelle ananyoosha mkono, polepole, kama mwizi wa sukari. Tania analifunika yai kwa kiganja bila kuacha kuandika.

"Si lako."

"Limekaa siku kumi, Tania. Nani atalila?"

"Litaingia kwenye keki. Nawe utapewa kipande."

Wanatazamana, wanacheka wote wawili, na Lorelle anabusu kichwa cha mwenzake kabla ya kubeba tandiko.

Alhamisi anarudi kazini, mbio mbili katika mji jirani, kilomita mia moja na themanini kwa gari la Coral, ambaye sasa anaongea naye hadi wanachoshana. Goti atalifanyia mazoezi ya kwenye maji kila jioni. Mwakani Usimwambie Mama atakuwa na miaka saba, na Coral anaapa kwamba miaka saba ndipo anapokomaa.

Namwuliza kati ya vitu viwili hivyo, Kombe na yai, mwakani anakitaka kipi zaidi. Anahamisha tandiko kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, anageuka kutazama nyuma, kule kwenye dirisha la mizani ambako taa bado haijawashwa.

"Yai kwanza," anasema. "Bila yai hakuna Kombe."